Mkorosho ukinyauka, salfa iache stoo

Maswali ya wasomaji wa Kibaha na Kisarawe yanafanana kama mapacha. Mkorosho uliokuwa ukizaa vizuri umeanza kugeuka manjano tawi moja moja, majani yamekauka, sasa mti mzima umekufa umesimama. "Nipulizie salfa kiasi gani?" Usipulizie hata kidogo.

Salfa ni dawa ya ubwiriunga, kuvu anayekaa juu ya jani na ua, mahali vumbi linapomfikia. Dalili zenu zinaelekea kuwa za mnyauko fuzari, nao huanzia chini. Kuvu wake, Fusarium oxysporum, hupenya mizizini na kuingia katika mirija ya kupandisha maji. Hapo ndipo penye maajabu: mti ukimhisi, huiziba mirija yake wenyewe kwa gundi na vifuko vinavyofura ndani yake, ili kumfungia njia. Kuvu huachia vijimbegu vinavyopanda na maji yaleyale, mti nao huziba juu zaidi. Mwishowe hufa kwa kiu huku udongo una unyevu. Ndiyo maana ndoo zako za maji haziufufui.

Ugonjwa huu uliripotiwa mwaka 2012 kijijini Magawa, Mkuranga, wilaya inayopakana na Kisarawe. Mwaka 2021 watafiti wa Tanzania, wakiwamo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, walichapisha sifa za kuvu huyo. Kumtambua si kazi ya macho. Kipande cha mzizi huwekwa kwenye sahani ya lishe ya viazi, ukaota utando mweupe unaoelekea zambarau. Kwenye hadubini vijimbegu vimepinda kama mundu. Bado haitoshi, maana fuzari wengi huishi udongoni bila kumdhuru yeyote. Lazima mche wenye afya uambukizwe kuvu huyo, unyauke, kisha apatikane humo tena. Bila hivyo umekamata mpita njia aliyekutwa karibu na maiti.

Shambani, kata mzizi na ubandue gome. Mistari ya kahawia ndani ya mti ni sababu ya kushuku fuzari. Tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi: kikitoa uzi kama maziwa, shuku bakteria. Mchwa usiwahukumu haraka; mara nyingi hufika msibani, hawakuua.

Jirani mnayemshuku kwa husuda na uchawi naye mwacheni apumzike. Na yule muuza chupa isiyo na lebo, inayotibu mnyauko, ubwiriunga na mchwa kwa mpigo mmoja? Anachotibu ni njaa yake.

Kwa kifupi: mti uliokufa ung'oe, uuchome palepale. Osha panga na jembe kabla ya kwenda mti mwingine. Usichukue miche wala udongo hapo, wala usipande mkorosho kwenye shimo lilelile, kwani vijimbegu vyenye ganda nene hukaa ardhini miaka mingi. Kisha mwite afisa ugani, umpe kipande cha mzizi ulichokiweka kabla ya kuchoma. Jani kavu litamwambia tu kwamba mti umekufa, na hilo mnalijua wote wawili.