Amrisha Mwanga, Waache Watu: Sayansi ya Picha ya Familia Msimu wa Mapukutiko

Kila Oktoba, simu za watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu hupokea picha za ndugu walioko Marekani na Kanada: baba, mama na watoto wamejipanga mbele ya miti ya manjano na myekundu. Miti imetoka vizuri. Shida iko usoni. Macho yamefinywa, meno yametolewa kama mbele ya daktari, mabega yamekakamaa, na ngozi imeingia giza kiasi kwamba shangazi anauliza yule wa pembeni ni nani.

Lawama huwaangukia waliopigwa: hawajui kukaa kwenye picha. Lakini sehemu kubwa ya uasili wa picha huamuliwa kabla hawajasimama, kwa saa iliyochaguliwa, upande liliko jua na umbali wa kamera. Anayeyapanga hayo mapema hana haja ya kumwambia mtu ainue kidevu.

Tuanze na majani, maana ndiyo yaliyowatoa watu nje. Katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, rangi hushika kasi kati ya mwishoni mwa Septemba na katikati ya Oktoba. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, na ule ukijani ukififia huonekana karotenoidi, yaani rangi za manjano na chungwa zilizokuwamo ndani ya jani muda wote. Wekundu wa miti ya mepo (maple) una asili nyingine: ni anthosayanini, inayotengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, hasa mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha.

Rangi hizo haziishii mtini. Mwanga unaopita kwenye majani au kudunda juu yake hutua usoni ukiwa umebeba rangi yake. Anayesimama chini ya mti ambao bado ni kijani hupata uso wenye ukijani, na nyasi humpaka rangi hiyohiyo chini ya kidevu. Akisogea kwenye zulia la majani makavu ya manjano, mwanga huohuo humrudia ukiwa na joto la dhahabu. Kwa hiyo, kabla ya kutazama mandhari ya nyuma, tazama kilicho chini ya miguu.

Kisha jua lenyewe. Karibu na tarehe 10 Oktoba, adhuhuri ya Dar es Salaam jua huwa utosini kabisa. Paji la uso linang'aa na matundu ya macho yanajaa kivuli. Siku hiyohiyo Vermont, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 39 hivi kutoka upeo wa macho, hivyo mwanga huja kwa ubavu na kuingia hadi machoni. Hata machweo yanatofautiana. Dar jua hushuka karibu wima, na nyuzi sita za mwisho huzimaliza kwa dakika 24 hivi. Vermont hushuka kwa mshazari na kuchukua dakika kama 34. Hizo dakika kumi za ziada ni neema kwa mwenye watoto watatu na kofia moja iliyopotea.

Wapiga picha huupenda muda huo kwa sababu ya hewa. Jua likigusa upeo wa macho, mwanga wake hupita kwenye hewa iliyo takriban mara 38 ya ile inayopitiwa jua likiwa utosini. Njiani, molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi ya bluu kila upande, na mengi yanayofika usoni kwako ni ya manjano na nyekundu. Vivuli hulainika pia, kwa kuwa jua limepungua ukali huku anga yote ikiendelea kumulika.

Kamera, bahati mbaya, inaweza kuiharibu zawadi hiyo. Mfumo wake wa kurekebisha rangi hujitahidi kufanya kila cheupe kionekane cheupe, kwa hiyo ukiona manjano nyingi huihesabu kuwa kasoro na kuipunguza. Kama kamera inaruhusu, ondoa urekebishaji huo wa moja kwa moja na uchague alama ya jua au ya wingu.

Kasoro ya pili huwaumiza zaidi watu weusi. Kipimo cha mwanga cha kamera, kikiachiwa fremu nzima, huichukulia kama kitu cha kijivu cha wastani. Nyuma kukiwa na majani yanayowaka jua, hupunguza mwanga wote, na nyuso nyeusi huzama. Filamu za zamani ziliongeza chumvi kwenye kidonda hicho: kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Leo tiba iko kidoleni. Kwenye simu nyingi, gusa uso ulio mweusi kuliko wote, kisha ongeza mwanga hadi ngozi ifanane na unavyoijua. Anga ikipoteza bluu yake kidogo, hakuna wa kulalamika.

Sasa tabasamu. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha matokeo ya kuchezesha misuli ya nyuso kwa umeme. Aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo hutii amri, ilhali ule unaozunguka jicho hukunjika kwa furaha ya kweli. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa wengi wanaweza kuuigiza huo wa macho pia, lakini tabasamu la kuigiza huchoka haraka. Ukihesabu "moja, mbili, tatu," wengi hutabasamu kwenye moja, na kufikia tatu kilichobaki ni meno.

Msuli huohuo wa jicho hujikunja pia kwa kukwepa jua. Anayetazamishwa juani hujikunyata, na akiamriwa acheke juu ya hapo, uso hauelewi ufanye lipi. Wageuze jua liwe nyuma au ubavuni mwao, kisha wape kazi: watembee wakikujia, watoto wamwage majani kichwani kwa baba, bibi amfunge mjukuu skafu. Piga anapomaliza fundo na kuinua macho. Wakati huo mikono ina shughuli, mabega yameshuka, na tabasamu likija limekuja lenyewe.

Kufumba macho ni suala la hesabu. Piers Barnes na Nic Svenson wa shirika la utafiti la CSIRO, Australia, walipata tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2006 kwa kanuni hii: kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu penye mwanga mzuri, au kwa mbili penye mwanga hafifu. Jibu ni idadi ya picha zitakazokupa karibu uhakika wa kupata moja ambayo wote wamefumbua macho. Watu 12 jioni yenye mwanga mzuri wanahitaji nne.

Halafu rudi nyuma. Hesabu za watafiti wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2018, zilionyesha kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hupanua pua kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na ile ya mita moja na nusu. Simama mita tatu au zaidi, ukuze kwa lenzi.

Mwisho, usimwachie mtu achague picha yake mwenyewe. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida na zilezile zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kupenda zile za kioo, sura waliyoizoea kila asubuhi. Marafiki zao walipenda za kawaida. Mama akisema hapa sikutoka vizuri, waulize wanawe. Wao ndio wanaoujua uso huo kama kamera ilivyouona.