Makaa Mawili ya Kitui

Soko la Kabati, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui nchini Kenya, huishi kwa mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikinyesha, ndengu hujaa stoo na madalali hushindana kwa bei. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu ilikosa mvua mfululizo, na Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution wakaeleza kuwa joto linaloletwa na binadamu limeongeza uwezekano wa ukame kama huo angalau mara 100.

Mjadala wa mazingira Kitui, hata hivyo, umemwandama zaidi mchoma makaa. Mwaka 2018 serikali ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara yake, na lori la makaa likateketezwa Kanyonyoo. Ni kweli miti inakwisha, na inauma kuona vilima vikibaki vipara. Lakini makaa ya mawe ya bonde la Mui, mashariki mwa kaunti hiyohiyo, yalipokewa kwa mizani nyingine kabisa. Kampuni ya Fenxi ya China ilipewa vitalu viwili mwaka 2011, watu wakabishania fidia ya mashamba, ajira na mgawo wa mapato. Walikuwa na haki ya kuyadai hayo. Mvua ndiyo iliyokosa msemaji.

Kimya cha namna hiyo kimewahi kugharimiwa. Mwaka 1991 kampuni za makaa ya mawe na umeme za Marekani ziliunda Information Council for the Environment. Mkakati wake ulioandikwa ulikuwa kulifanya ongezeko la joto duniani lionekane nadharia tu. Matangazo ya redio na magazeti yalijaribiwa katika miji michache, yakilenga wanaume wazee wenye elimu ndogo na wanawake vijana wa kipato cha chini. Nyaraka zilivuja, kampeni ikafa, ila mbinu ikabaki. Shaka ilipopungua soko, ikaletwa bidhaa mpya: “makaa safi”.

Maneno hayo yalitumika kuipamba biashara ya makaa ya mawe hata ilipofika Lamu, ambako Amu Power ilitaka mtambo wa megawati 1,050, ukianza na makaa ya Afrika Kusini kabla ya yale ya Mui. Vichujio hunasa vumbi na salfa. Kaboni dioksidi hutoka na moshi. Mtambo wa kisasa huipunguza kidogo kwa kila uniti ya umeme, basi. Juni 26, 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Balozi wa Marekani, Kyle McCarter, alijitokeza Twitter kutetea makaa ya mawe, wakati mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000 na visima vya jotoardhi vya Olkaria vikitoa mvuke usiku na mchana.

Mfanyabiashara wa Kabati hakuwahi kuulizwa kama mtu mwenye maslahi katika mjadala huo. Oktoba ikifika hupima mbegu za ndengu za “nylon” na “uncle”, nyingine kwa mkopo, na deni hilo hulipwa mvua ikinyesha.