Bei Tatu za Kompyuta Moja

Watu wengi hudhani kwamba bei ya bidhaa ni namba moja tu, ile iliyobandikwa juu yake. Lakini katika maduka ya Marekani, hasa katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kompyuta mpakato ya bei nafuu iliweza kuwa na bei tatu kwa wakati mmoja. Mnunuzi mwenye fedha kidogo alihitaji kujua ni ipi kati ya hizo itakayotoka mfukoni mwake.

Chanzo chake ni njia mbili za kupunguza bei. Ya kwanza ni kuponi, yaani kikaratasi kinachokatwa gazetini na kuonyeshwa dukani. Punguzo lake hutolewa papo hapo. Ya pili ni marejesho ya posta. Hapa mnunuzi hulipa kwanza, kisha hujaza fomu, huambatisha stakabadhi pamoja na kipande cha boksi chenye mistari myeusi inayosomwa na mashine, na kuvituma vyote kabla ya tarehe iliyowekwa. Baada ya majuma kadhaa hupelekewa hundi.

Mfano ufuatao utafafanua jambo hilo. Kompyuta inauzwa dola 500. Duka linatoa kuponi ya dola 50, na kiwanda kinaahidi marejesho ya dola 100. Tangazo, kwa herufi kubwa, linasema: dola 350. Kodi ya mauzo ikiwa asilimia 6, hutozwa juu ya dola 450, kwa sababu katika majimbo mengi marejesho ya kiwanda hayapunguzi kiasi kinachotozwa kodi. Kodi hiyo ni dola 27. Basi mnunuzi hulipa dola 477, na hundi ikifika, gharama yake hushuka hadi dola 377. Mwanafunzi aliyekwenda dukani na dola 400 atarudi mikono mitupu.

Kwa nini basi kiwanda kisipunguze bei moja kwa moja? Sababu ya kwanza ni kwamba njia hii huwatenga wanunuzi. Mwenye haja ya kila dola huvumilia usumbufu wa fomu, ilhali mwenye nafasi hulipa bei ya juu bila kujali. Sababu ya pili ni kwamba si wote wanaodai. Wako wanaosahau, wanaopoteza stakabadhi, wanaochelewa, na hata wanaopokea hundi wasiipeleke benki. Ikiwa, kwa mfano, wanunuzi 60 kati ya 100 ndio wanaofanikiwa, thamani tarajiwa ya marejesho ni 0.6 × 100, yaani dola 60. Kiwanda hutangaza 100 na kulipa wastani wa 60. Mwalimu wa hisabati aweza kuutumia mfano huu anapofundisha uwezekano.

Malalamiko ya wateja yalikuwa mengi. Mwaka 2005 kampuni ya Best Buy ilitangaza kwamba itaachana na marejesho ya posta katika muda wa miaka 2. Hata hivyo desturi yenyewe haikutoweka. Siku hizi madai mengi hupelekwa kwa intaneti.

Mnunuzi mwangalifu hulinganisha kwanza bei za kulipwa dukani, si za matangazo. Husoma masharti kabla ya kulipa, na huweka nakala ya kila karatasi. Tena huijaribu kompyuta kabla ya kulikata boksi, kwani maduka mengi hukataa kurudishiwa bidhaa ambayo boksi lake limekatwa. Lakini hachelewi hadi tarehe ikampita.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Marejesho haya nayo ni deni, ila mzigo wa kulithibitisha umo mikononi mwa mdai. Asiyetunza stakabadhi yake amemsamehe mdeni bila kujua.