Simu Nzima, Mfumo Mfu

Maharage yakishauzwa, swali linaloletwa mezani kwangu hapa Kasulu huwa ni moja: "Dada fundi, nihamie iPhone au nibaki na Tecno?" Anayeuliza ana pesa mkononi, na simu anayoitaka ameshaiona kwa jirani au kwa ndugu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Nilipokuwa najifunza kazi hii Kibondo, watu waliuliza kamera na betri basi. Siku hizi wanauliza mfumo, hata kama hawautaji kwa jina lake, na mimi nafurahi, maana mfumo endeshi ndio unaoamua simu itakutumikia mpaka lini.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka simu inapowashwa na kuzipa kazi programu nyingine zote. WhatsApp, redio, kamera na kikokotoo vyote vinaiomba ruhusa. Mikubwa iliyobaki duniani ni miwili. Apple ilitoa iPhone mwaka 2007, na mfumo wake, iOS, huupati kwenye simu ya kampuni nyingine. Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005 ikiwa bado changa, simu yake ya kwanza ikaingia sokoni 2008, na watengenezaji wengine wanaruhusiwa kuitumia: Samsung, Xiaomi, Oppo, na kwa huku kwetu hasa Tecno, Infinix na itel. Wateja wangu hubishana kwelikweli ipi kati ya hizo tatu ni bora, na zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, iliyojijenga kwa soko la Afrika: laini mbili, kamera inayoitendea haki ngozi nyeusi, betri inayokaa. Sisi tulioishi miaka na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia tunajua betri inayokaa ina maana gani.

Mifumo mingine ilikuwepo ikafa. Symbian ya Nokia ilikufa, Windows ya kwenye simu ikaachwa na Microsoft, na huduma za mfumo wa zamani wa BlackBerry zilizimwa Januari 2022. Huku milimani vifo hivyo havikusikika sana, kwani wengi wetu tulikuwa bado na simu za batani. Kifo kilichotugusa ni cha WhatsApp kwenye KaiOS.

KaiOS ilizaliwa kutoka Firefox OS, mfumo wa Mozilla uliokuwa umeachwa, ikatengenezwa upya kwa ajili ya simu ndogo zenye batani. Mwaka 2019 Vodacom ilileta hapa nchini Smart Kitochi, simu yenye mfumo huo, kwa bei ya chini ya shilingi 50,000. Ilikuwa na tochi, redio, menyu ya Kiswahili, na juu ya hayo ikawa na WhatsApp. Kwa wilaya zilizopakana na Burundi, zenye kambi za Nyarugusu na Nduta, na familia nyingi zenye mtu aliyehamishiwa Marekani, Kanada au Australia, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu asiyeweza kununua simu ya kugusa aliweza kupokea ujumbe wa sauti kutoka ng'ambo. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo.

Mama mmoja mwenye kijana wake Marekani aliniletea Kitochi chake wakati huo. Nilimwamkia, akaitikia, akakiweka mezani. "Mwanangu, kitu hiki hakinipi tena sauti ya mtoto wangu." Nilikifungua nikapima betri, nikajaribu spika, nikakagua bodi chini ya lenzi. Hakikuwa na hitilafu yoyote. Redio ilikuwa inaimba palepale mezani. Hakuna sodaring wala kipuri kinachotibu hali hiyo, na kumweleza mama yule kwamba simu yake ni nzima ila mfumo wake umeachwa ilikuwa kazi ngumu kuliko kubadilisha kioo.

Ndiyo maana kwangu umri wa mfumo unatangulia jina lake. Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kutaka Android 5.0 au zaidi. Tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 au zaidi, na hapo iPhone 5s na iPhone 6 zikatoka mchezoni, kwa sababu mfumo wao unaishia iOS 12. Bado naziona iPhone 6 kwenye makabati ya vioo, zimesafishwa zinang'aa, na kijana anatamani ile nembo ya tofaa mgongoni. Simu hiyo ilitoka mwaka 2014. Ukiinunua leo kwa ajili ya WhatsApp, umenunua pambo.

Hapa lazima niipe Apple haki yake. iPhone 11 ya mwaka 2019 bado ilipokea iOS 26, mfumo wa mwaka 2025. Simu nyingi za Android za bei ya chini hupata toleo jipya moja, au hazipati kabisa. Zinabaki na Android ile ile zilizozaliwa nayo. Hali imeanza kubadilika, lakini ni kwa baadhi tu: Samsung imeahidi miaka 6 ya masasisho kwa Galaxy A16, na miaka 7 kwa S24. Mteja akiniambia ana pesa ya Android mpya ya kawaida na anataka akae nayo muda mrefu, humwelekeza kwenye zile zenye ahadi iliyoandikwa, hata kama kamera yake ina namba ndogo kuliko ya jirani.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe, ambako ndiko watu hulia. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na Tecno yake na iPhone 11 aliyoletewa na mdogo wake. "Fundi, nihamishie kila kitu." Kila kitu kwa mwalimu ni makundi ya wazazi, picha za ratiba, na mazungumzo ya miaka na watu ambao wengine wameshafariki. Nakala ya WhatsApp ya Android hukaa kwenye akaunti ya Google, na ya iPhone hukaa iCloud; moja haisomi ya mwenzake. Tangu 2022 kuna njia halali: unaweka kwenye Android programu ya Apple iitwayo Move to iOS, iPhone inaonyesha namba ya siri, unaiandika kwenye Android, kisha unachagua WhatsApp miongoni mwa vitu vya kuhamishwa. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, namba ya simu iwe ile ile, na iPhone iwe mpya au imefutwa kabisa, maana njia hii hupita wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuitumia iPhone yake na kupiga picha za mahafali. Tulizihifadhi kwanza kwenye kompyuta, tukaifuta simu, tukaanza upya. Ilichukua mchana mzima, na ujumbe ulifika wote.

Nyimbo za kwaya hazikufika. Zilikuwa kwenye memori kadi, alizoingiziwa sokoni kwa miaka, na Move to iOS haihamishi muziki wa aina hiyo. iPhone haina hata tundu la memori kadi. Nilimwekea baadhi kupitia kompyuta, ila ile raha ya kwenda kibandani na kutoka na albamu nzima bila bando imekwisha kwake. Hata kurushiana mafaili kumekuwa kazi: wenzake katika ofisi ya walimu hutumiana mitihani kwa Bluetooth au Xender, na Bluetooth ya iPhone haitumi faili kwenda Android. Kwa yale ya Bluetooth, mara nyingi atalipa bando kwa kile ambacho jana kilikuwa bure. Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Nasema kwa sababu muuzaji wa simu hatakuambia.

Anayetoka iPhone kwenda Android naye ana njia yake, kwa waya unaounganisha simu mbili, kuanzia Samsung mwaka 2021 na baadaye Android 12 kwenda juu. Waya wenyewe, wenye kichwa cha iPhone upande mmoja na cha USB Aina C upande wa pili, huku ni adimu. Tangu iPhone 15, ya Septemba 2023, Apple imehamia tundu la Aina C kufuatia sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo shida hiyo itapungua kadiri zile za zamani zinavyoisha.

Kisha laini. Mtu wa Kasulu au Kibondo mara nyingi ana laini mbili: moja inayoshika vizuri kijijini, nyingine ambayo wateja wake hutumia kumlipa. itel ya bei ndogo inazibeba zote. iPhone nyingi zina nafasi ya laini moja ya kadi, ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Na iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa nafasi ya kadi. Ndugu aliyeko Ohio anakuletea zawadi kwa moyo mweupe, unafika nayo kwangu ukiniomba nikufungulie sehemu ya laini, na sehemu hiyo haipo. Mwambie mapema, na wewe mwenyewe uliza duka la mtandao wako kama wanakupa eSIM kabla simu haijapanda ndege. Mwulize ndugu huyo pia kama simu haijafungwa kwa mtandao wa huko.

Pesa, kwa bahati nzuri, haijali mfumo. Ukipiga *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, menyu ni ile ile kwenye iPhone, Android au kitochi cha batani, kwa sababu inatoka kwenye mtandao na si kwenye simu. Muuza dagaa wa soko la Kibondo hana sababu ya kubadilisha simu kwa ajili ya miamala.

Lugha ndiyo inayonikera zaidi. Android unaiweka yote kwa Kiswahili, kuanzia Mipangilio hadi onyo la chaji kuisha. Wazee ninaowawekea hivyo huacha kuja kuuliza mambo madogo. Wanasoma wenyewe na kujibu. iPhone ina kibodi utakayoandikia Kiswahili, lakini menyu za mfumo wenyewe hazina lugha yetu, na Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko lugha kadhaa ambazo Apple imezipa nafasi hiyo. Mtu asiyesoma Kiingereza anaponunua iPhone, anabonyeza kitufe cha kukubali mambo asiyoyaelewa, yakiwemo ya malipo na faragha. Hilo Apple ingeweza kulirekebisha, na inapaswa kulirekebisha.

Vipuri ni habari fupi. Kioo cha Tecno au itel ya kawaida kinapatikana hapa mjini. Cha iPhone naagiza Mwanza au Kariakoo, kinakuja kwa basi, na kuanzia iPhone 11 ukiweka kioo kisicho cha Apple simu yenyewe inakuonyesha onyo. Haiachi kufanya kazi, ila ukitaka kuiuza mnunuzi ataliona.

Wanaonunua simu za mtumba, iwe iPhone au Android, wana adui mmoja: akaunti ya mwenye simu wa kwanza. iPhone ambayo haijaondolewa kwenye iCloud ya mwenyewe haifunguki, na Android nayo hudai akaunti ya Google ya zamani ikishafutwa. Vijana huniomba niivunje kufuli hiyo. Siivunji, kwa sababu ndiyo inayomfanya mwizi asipate faida. Kabla hujalipa, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama inalingana na aina ya simu uliyoshika. Usiku wa Juni 16, 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi waliolala na simu waliamka na kipande cha plastiki.

Hukumu yangu ni hii. Kama unalima, unauza sokoni, una laini mbili na watu wako wote hurushiana vitu kwa Bluetooth, baki Android, ila nunua iliyotoka karibuni, na ikiwezekana yenye ahadi ya masasisho. Kama unasoma Kiingereza bila shida, una bando la uhakika, na unataka simu moja ikutumikie kwa miaka mingi, hamia iPhone, lakini usishuke chini ya iPhone 11. Kwa vyovyote, kabla hujatoa pesa mfukoni, iwashe simu mbele ya muuzaji, fungua Mipangilio (Settings), tafuta sehemu ya Kuhusu simu (About), usome namba ya toleo kwa macho yako mwenyewe. Muuzaji akikataa simu iwashwe, ondoka na pesa yako.