Mwanagenzi wa programu asahihishwe vipi akikosea istilahi?

MWANAGENZI wa kompyuta mjini Ukunda aulizapo kwa nini “Java” ya tovuti yake haifanyi kazi, ilhali aliyoiandika ni JavaScript, wajuzi hugawanyika papo hapo. Mmoja humcheka, mwingine humtolea hotuba, na swali lenyewe likasahauliwa.

Kosa hilo lina asili yake. Lugha zote mbili zilitangazwa mwaka 1995, na ile aliyoibuni Brendan Eich wa kampuni ya Netscape ilipewa jina la JavaScript ili ivune umaarufu wa Java ya Sun Microsystems. Kunyamaza hapa si adabu, kwani atafutaye msaada kwa jina la Java ataletewa maelezo ya lugha nyingine kabisa, akeshe bure na bando limwishie. Asahihishwe, ila ajibiwe kwanza.

Yapo makosa mepesi zaidi. Wakenya wengi huliita kasha zima la kompyuta ya mezani “CPU”, ingawa jina hilo ni la kichakataji, kipande kidogo kilichomo ndani. Fundi wa Diani akiambiwa “CPU haiwaki” huelewa, na hana haja ya kubishana na mteja hadi siku atakapotaka kununua kipuri. Naye asemaye kwamba ameandika programu ya HTML amekosea kwa mizani ya wasomi, maana hiyo ni lugha ya kupangia matini tu. Hata hivyo, ukurasa wake unafunguka.

Walimu wa Kwale wana uzoefu wa jambo hili tangu zamani. Mtoto wa Kidigo asemapo “chitabu” badala ya “kitabu”, kiambishi hicho amekitoa katika lugha ya nyumbani, wala si ujinga. Mwalimu mwerevu humjibu, “Haya, kitabu chako kiko wapi?” Mtoto amelisikia umbo sanifu bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Mjuzi wa programu naye aweza kusema, “Katika JavaScript yako, tazama mstari wa nne,” kisha akaendelea na kazi.

Ugumu huzidi mwanagenzi akiwa mtu mzima, tuseme mwalimu mstaafu wa Msambweni anayefunzwa na kijana wa rika la wajukuu wake. Hapo neno husahihishwa faraghani, tena kwa swali: “Samahani mwalimu, ulikusudia kumbukumbu ya kazi au hifadhi ya mafaili?” Mara nyingi jibu huonyesha kwamba mzee alikijua kitu chenyewe, akakosa jina tu.

Na majina yenyewe hayajatulia. Kwa chombo kimoja Kiswahili kina kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na sisi wahariri, ambao riziki yetu ni kalamu nyekundu, bado twazozana kuhusu lipi lichapishwe.