LAMI IMECHUJUKA AU TUMEIBIWA?

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Hebu basi tutazame kitu tunachokikanyaga kila siku, yaani lami.

Hapa kwetu Kisumu Ndogo, Kibera, lami mpya huwa nyeusi tititi. Miaka michache baadaye inageuka kijivu, na mtaani watu wananung'unika, "Jameni, hii ni lami bandia! Tumeibiwa!" Malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi. Je, yana ukweli?

Katika kilo 100 za mchanganyiko unaomwagwa barabarani, takriban kilo 95 ni kokoto na vumbi la mawe. Lami yenyewe, ule uji mweusi mzito utokanao na mafuta ghafi, ni kama kilo 5 tu. Kazi yake ni kushikanisha mawe. Magurudumu huisugua, jua na hewa huikausha, mwishowe weusi wa juu huisha na rangi ya jiwe hujitokeza.

Na jiwe la Nairobi ni la rangi gani? Mamilioni ya miaka iliyopita, volkano za upande wa Bonde la Ufa zilitapika uji wa moto ulioganda ukawa miamba. Mmojawapo ni fonolaiti, mwamba mgumu wa kijivu unaopondwa kuwa kokoto.

Mbona basi vichochoro vyetu ni vyekundu? Udongo huo nao umetokana na miamba ya volkano! Mvua na joto huimomonyoa kwa maelfu ya miaka, na chuma kilichomo hushika kutu.

Kwingine mambo ni tofauti. Pwani, njia nyingi zisizo na lami ni nyeupe kwa sababu ya mawe ya matumbawe. Huko Marekani, katika Mbuga ya Taifa ya Zion, hata barabara ya lami ni nyekundu, kwa kuwa kokoto zake ni za mwamba mwekundu wa volkano.

Kwa hivyo ukijivu peke yake si wizi. Ukitaka kumpima mkandarasi, inama utazame kokoto. Zikibanduka kwa kidole na barabara ingali changa, huenda lami ilikuwa haba au haikushindiliwa sawasawa. Tazama na mitaro: maji yakituama, hupenya nyufani na kuleta mashimo. Hayo ndiyo ya kumpelekea mwakilishi wa wadi. Rangi tumwachie jiwe.