Butiama si ya Oktoba tu: barabara za baiskeli zinazoanzia Kiabakari

Oktoba ikikaribia, baiskeli huingia kwenye habari za Mkoa wa Mara. Msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam, ukakata mikoa kwa zaidi ya kilomita 1,000, ukaishia nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere wakati wa kumbukumbu ya 14 Oktoba, siku aliyofariki dunia mwaka 1999. Waendeshaji hupokewa kwa ngoma, viongozi huhutubia, miti hupandwa. Wiki moja baadaye wageni wamekwisha kuondoka, na baiskeli inarudi kuwa chombo cha kubebea maji na mkaa ambacho hakimshughulishi mtu.

Nauheshimu msafara ule. Lakini Mara inajipunja. Barabara zinazofaa kunyonga baiskeli ziko pale mwaka mzima, na nzuri kuliko zote zinakutana katika mji mdogo ambao abiria wengi wa mabasi ya Mwanza huupita wakiwa wamelala: Kiabakari.

Mji huu, ulioko Wilaya ya Butiama, uko kwenye barabara kuu kati ya Bunda na njia panda ya Makutano. Wazee wanaukumbuka kwa dhahabu, maana hapa palikuwa na mgodi mkubwa uliofungwa katika miaka ya 1960, na wachimbaji wadogo hawajauacha udongo wake hadi leo. Wakatoliki wanaujua kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Mwendesha baiskeli ataujua kwa vilima vyake.

Ardhi ya hapa si tambarare kama ya Shinyanga, na haina miinuko mikali kama ya Lushoto. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena, huku mawe makubwa ya matale yamerundikana juu ya vilima na mashamba ya mihogo na mtama yakizunguka chini yake. Upande wa mashariki inainuka milima ya Ikizu, na Chamuriho ikiwa imesimama juu ya mingine, mlima ambao Waikizu wameuheshimu tangu enzi za mababu. Hakuna kilima kwenye njia hizi kitakachokulazimisha ushuke usukume, ila hakuna pia kilomita tano mfululizo zitakazokuacha ukae kwenye siti umetulia. Kwa anayetaka kujenga miguu na pumzi, ardhi ya namna hiyo ni mwalimu mzuri. Tena usisahau kwamba hata ukiwa ufukweni Musoma, tayari uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Dar es Salaam ataliona hilo kifuani mwake kwenye mpando wa kwanza.

Kwa mgeni, mzunguko wa kuanzia ni wa Musoma, Makutano, Butiama, Kiabakari, kisha kurudi Makutano. Makutano ndipo njia zinapogawana: moja inakwenda Tarime na Sirari kupitia daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, nyingine Kiabakari, Bunda na Mwanza, ya tatu Butiama. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda. Ni sehemu ya barabara ya Makutano hadi Sanzate, kilomita 50, iliyochukua miaka mingi kuwekwa lami, na malori yake ni machache mno ukilinganisha na barabara kuu. Ukiwa juu yake unasikia cheni yako mwenyewe ikizunguka.

Njia hii ina historia yake ya miguu. Mwaka 1934 kijana mdogo kutoka Butiama alikwenda kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kama kilomita 40, na hakuwa na chombo cha kumbeba. Mwaka 1967, kijana huyo akiwa sasa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Ukifika Mwitongo, mahali alipozikwa, na ukaingia kwenye jumba la makumbusho ukiwa na jasho la barabara hiyohiyo mgongoni, unaitazama safari ile kwa macho mengine kabisa. Aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi hawezi kuujua umbali ule.

Mzunguko wa pili ni wa wenye miguu iliyozoea: Kiabakari, Butiama, Nyamuswa, Bunda, halafu kurudi Kiabakari. Hapo unaingia nchi ya Waikizu, unakuwa karibu na milima, na mwishoni Bunda inakupokea chini ya mlima Balili. Mwenye matairi membamba ya mashindano aulizie kwanza hali ya njia, hasa masika, kati ya Machi na Mei.

Sasa upepo, ambao watu wa nje hawauhesabu. Mchana jua likishaipasha nchi kavu joto, hewa ya Ziwa Victoria huvuma kuelekea bara. Maana yake, anayeondoka Musoma asubuhi na mapema hukuta hewa imetulia, na akichelewa kidogo upepo unamsukuma mgongoni kuelekea vilimani. Lakini anayerudi Musoma saa tisa alasiri, akiwa na njaa na chupa ya maji imekauka, atakutana nao uso kwa uso, na kilomita za mwisho zitamtesa kuliko mpando wowote. Ukiweza, anzia ziwani saa kumi na mbili asubuhi na umalizie Kiabakari au Bunda, kisha urudi kwa basi na baiskeli yako ikiwa kwenye buti.

Ukipata pancha, usiwe na wasiwasi. Katika kila senta ya njia hizi kuna fundi aliyekaa chini ya mti na karai la maji machafu mbele yake. Anaitoa tyubu kwa bapa mbili za chuma, anaijaza upepo, anaizamisha karaini kipande kwa kipande huku akiizungusha taratibu, mpaka vipovu vidogo vinapotokeza. Anaweka kidole pale pale, anapakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, anaipuliza ikauke, ndipo anapobandika kiraka na kukigonga kwa kitako cha spana. Nimemsikia mmoja akimwambia kijana aliyeleta baiskeli ya mizigo: “Mura, tyubu haina kosa. Rimu yako imeota kutu ndani, itakutoboa tena kesho.” Kisha akaisugua rimu yote, akaifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu, na hakuongeza bei.

Kijana yule ndiye hasa ninayemwandikia. Baiskeli yake ilikuwa na madumu manne ya maziwa kwenye keria, na anapita barabara kuu kila siku, pamoja na mabasi ya Mwanza na malori ya Sirari. Barabara hiyo ina majonzi yake. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana uso kwa uso eneo la Sabasaba wilayani Butiama, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mwenye madumu hana bodi ya chuma ya kumkinga. Anayo bega la barabara tu, na pengi bega hilo limeliwa na mvua hadi lami inaachana na udongo kwa kina cha kiganja. Honi ya basi ikilia nyuma yake, inambidi achague kati ya kubaki kwenye lami na kuangukia mtaroni.

Kwa hiyo ninapoomba Mara iwe mkoa wa baiskeli, siombi vibao vya watalii kwanza. Naomba bega. Mabega ya barabara kuu kati ya Makutano na Bunda yajazwe na kusawazishwa kila baada ya masika, na barabara ya Butiama iwekewe alama zinazomkumbusha dereva kwamba kuna waendesha baiskeli. Kazi hiyo haihitaji mkopo kutoka nje, na atakayeifaidi wa kwanza ni muuza maziwa, mwanafunzi na mkulima. Klabu za baiskeli za Mwanza na Arusha zitafuata zenyewe, kwa sababu mwendesha baiskeli huenda palipo na barabara salama na vilima vizuri. Vilima tunavyo.

Nanyi wa misafara ya Oktoba, tunawakaribisha tena. Lakini mkifika mwaka huu, msipande basi la kurudi siku ileile. Laleni usiku mmoja, asubuhi nyongeni hadi Kiabakari pamoja na vijana wa pale, kisha mtakapokaa meza moja na TANROADS na wakuu wa wilaya za Butiama na Bunda, waambieni mlichokiona pembeni mwa lami.